README, wiki, tovuti ya nyaraka, CI au uwaachie wenye distro: maelekezo ya kuinstoli yakae wapi ili yasichache?

Ukiwa na mradi wa programu huria, hali hii utakutana nayo tu. Unafungua isyu mpya (ripoti ya tatizo), mtu kaandika "nimefuata maelekezo yenu mstari kwa mstari na imegoma", unayajaribu kwenye mashine yako yanakubali bila shida, unamjibu kwa upole kwamba kwako inafanya kazi, yeye anakurudishia skrinishoti ya terminali imejaa nyekundu, na hapo ndo unagundua alifuata ukurasa wa wiki uliouandika zamani hadi ukasahau kama upo.

Kinachokera ni kwamba mara nyingi wewe hujaharibu kitu. Siku unaandika yalikuwa sahihi, ila huko nje mambo yamesogea. Mifano ipo kibao. `pip install` ya moja kwa moja kwenye mfumo ilikuwa ndo mstari wa kwanza wa karibu kila mradi wa Python, Debian 12 ilipotoka Juni 2023 ikaanza kukataa na kukutupia `externally-managed-environment`, inataka utumie venv au pipx, yaani uinstoli kwenye mazingira yaliyotengwa na mfumo. Go nao, `go get` ya kuinstoli programu ilianza kutoa onyo kwenye 1.17, ilipofika 1.18 mwaka 2022 ikaacha kabisa kazi hiyo, sasa ni `go install` na `@latest` mwishoni. `docker-compose` yenye kistari iliacha kupata masasisho Julai 2023, siku hizi ni `docker compose` yenye nafasi. Homebrew kwenye Mac za chipu ya Apple inakaa `/opt/homebrew` na sio `/usr/local`, kwa hiyo README (faili la utangulizi la mradi) iliyokuwa imeandika ile njia ya zamani kwa mkono ikawa inadanganya nusu ya wasomaji wake. Halafu GitHub ilipoanza Oktoba 2020 kuita tawi la kwanza la ripo mpya (hifadhi ya msimbo wa mradi) `main` badala ya `master`, miradi mingi ya zamani nayo ikabadili jina, linki za kawaida zikaelekezwa zenyewe ila linki za faili ghafi, zile ambazo watu wanazipachika kwenye `curl`, hazielekezwi. Zinakufa tu kimya kimya.

Na sio tatizo la wachache. Utafiti wa GitHub wa 2017 kuhusu programu huria ulikuta 93% ya waliojibu wanasema nyaraka pungufu au zilizopitwa na wakati ni tatizo wanalokutana nalo, na hapohapo 60% ya wachangiaji wakasema ni mara chache sana au hawajawahi kabisa kuchangia nyaraka. Yaani wote tunalalamika chumba kichafu na hakuna anayeshika ufagio.

Sasa njia za kuyatunza ninazoziona zikitumika ni tano, na nimezitumia zote kwa nyakati tofauti, nyingine kwa hiari nyingine kwa kurithi mradi wa mtu. Kila moja ina watu wake.

Tunapima kwa nini

Kabla hujachagua kubaliana na vigezo kwanza, la sivyo utaishia kuchagua ile yenye muonekano mzuri.

Cha kwanza ni kasi ya kuchacha, yaani maelekezo yakikaa hivyohivyo bila mtu kuyagusa yanaweza kuishi muda gani kabla hayajaanza kudanganya.

Cha pili ni nani anajua kwanza kwamba yameharibika. Hiki kwangu kina uzito kuliko vingine vyote vikiwekwa pamoja, maana maelekezo yataharibika tu, ila kuna tofauti kubwa kati ya kuambiwa na mashine Jumatatu asubuhi na kuambiwa na mtumiaji wa arobaini baada ya thelathini na tisa kuondoka bila kusema kitu.

Cha tatu, kurekebisha kunagharimu nini, kwako na kwa mgeni aliyeona kosa na anataka kusaidia. Cha nne, yanahimili vipi matoleo mengi na mifumo mingi, maana Linux, Mac na Windows kila mmoja ana lake, na mtu wa toleo la 2 hataki kusoma maelekezo ya toleo la 4.

1. README peke yake

*Kasi ya kuchacha.* Ya wastani. Faida yake kubwa ni kwamba iko jirani na msimbo, mtu anayeongeza maktaba mpya anaweza kubadilisha README kwenye PR ileile (ombi la kuingiza badiliko) na anayepitia anaona vyote kwa pamoja. Anaweza, sijasema atafanya. Hakuna kinachomlazimisha. Halafu README ina tabia ya kunenepa, leo mtu wa Fedora anaongeza aya yake, kesho wa openSUSE, kesho kutwa mtu wa FreeBSD, wote wanashukuriwa na wote wanaondoka, wewe unabaki na aya tano za mifumo ambayo huna hata pa kuijaribia.

*Nani anajua kwanza.* Mgeni, siku zote. Kinyozi hajinyoi, na mtunzaji wa mradi hawezi kuyajaribu maelekezo yake mwenyewe kwenye laptop yake kwa sababu kompaila ipo, maktaba zote zipo, zile environment variable aliziweka miaka minne iliyopita kwenye `.bashrc` akasahau. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone na ni kweli kabisa hapa, shida ni kwamba wageni wengi hawapigi hodi, wakikwama wanafunga tabo wanaenda mradi mwingine.

*Kurekebisha.* Hakuna njia rahisi kuliko hii. Mtu anabonyeza alama ya penseli kwenye browser, anasahihisha neno, PR imetumwa. Watu wengi wameingia kwenye programu huria kwa mlango huu.

Ila kuna mtego mmoja ambao umenikamata mimi mwenyewe. Kama unachapisha PyPI au npm, yale maghala ya vifurushi vya Python na JavaScript, ule ukurasa unaonyesha README iliyokuwepo siku ulipopakia toleo, kwa hiyo unaweza kusahihisha GitHub leo na PyPI ikaendelea kuwaambia watu amri mbovu hadi utoe toleo jipya. Nilikaa wiki nzima nikishangaa mbona watu bado wanaleta kosa lilelile nililolirekebisha.

*Matoleo na mifumo.* Dhaifu. Anayefungua ripo anasoma README ya tawi kuu, yaani ya msimbo ambao haujatoka bado, halafu anainstoli toleo la miezi sita iliyopita. Kama kati hapo umebadilisha jina la faili la mipangilio, umempoteza.

*Inamfaa* mradi mdogo, maktaba ya lugha moja, kitu ambacho kuinstoli kwake ni amri moja au tatu hivi. Sehemu ya kuinstoli ikishapita skrini moja na nusu anza kufikiria kuhama.

2. Wiki

*Kasi ya kuchacha.* Kubwa. Wiki ya GitHub kwa mfano ni ripo ya git tofauti kabisa na ile ya msimbo, haina PR, hakuna anayepitia, kwa hiyo badiliko la msimbo na badiliko la maelekezo hayakutani popote. Kurasa zinazaliwa na hakuna anayezizika.

*Nani anajua kwanza.* Mtumiaji tena, ila hapa mtumiaji ana nguvu ambayo kwenye README hana, anaweza kurekebisha palepale bila kumsubiri mtu. Hiyo ndo roho ya wiki na ikifanya kazi inafanya kazi kweli, angalia ArchWiki, hadi watu wa distro nyingine (mifumo ya Linux kama Debian au Fedora) wanaenda kusoma kule. Ila tazama pia kwa nini inafanya kazi: ina jeshi la wahariri, na Arch yenyewe haina matoleo, wote wako kwenye hali ya leo, kwa hiyo ukurasa mmoja unawatosha wote. Mradi wako wenye watunzaji wawili na matoleo matatu yanayotumika hauko kwenye hali hiyo hata kidogo.

*Kurekebisha.* Rahisi kwa aliyeruhusiwa. Ukifungia washirika tu, umeua ile faida yake. Ukiachia wote, utapata mchango mzuri na utapata takataka. Na hili wengi hawalijui, GitHub wanasema wiki zake zinaingizwa kwenye injini za utafutaji pale tu ripo ina nyota 500 au zaidi na uhariri wa umma umefungwa. Kwa hiyo wiki ya mradi mdogo iliyoachwa wazi kwa wote, mtu anayetafuta kosa lake kwenye intaneti haioni kabisa.

*Matoleo na mifumo.* Matoleo hapana, labda uandike kwa mkono "kwa toleo la 3 fanya hivi" na baada ya miaka miwili ukurasa unakuwa kama mkataba wa sheria. Mifumo ndiyo, hapo inang'aa, hasa vifaa vya ajabuajabu ambavyo wewe huwezi kuwa navyo.

*Inamfaa* mradi wenye jamii kubwa yenye maneno mengi na vifaa vingi tofauti, ambapo kuna angalau mtu mmoja anayependa kufagia. Kama mtu huyo hayupo usiifungue, na kama ipo na imekufa ifunge, ni heri kukosa ukurasa kuliko kuwa na ukurasa wa uongo.

3. Tovuti ya nyaraka inayotoka kwenye ripo, yenye matoleo

Hapa nasemea Sphinx, MkDocs, Docusaurus na ndugu zao, unaandika Markdown au reStructuredText kwenye folda ya `docs`, mashine inajenga tovuti, mara nyingi inawekwa Read the Docs au GitHub Pages.

*Kasi ya kuchacha.* Karibu sawa na README kwa sababu iko ripo ileile, ila una zana za kupunguza. Namba ya toleo unaiandika sehemu moja na kurasa zote zinaichukua kutoka hapo. Nikuibie siri moja, kwenye Sphinx ile `|release|` haibadilishwi ukiiweka ndani ya `code-block`, itatokea hivyohivyo na mistari yake mbele ya watu, inabidi utumie `parsed-literal`. `make linkcheck` inakuonyesha linki zilizokufa. Na `literalinclude` inakuruhusu kuvuta faili halisi la skripti likatokea kwenye ukurasa bila kukopi, tutaona hapo chini kwa nini hiyo ni dhahabu.

*Nani anajua kwanza.* Kwa linki zilizokufa na kurasa zilizovunjika, mashine. Kwa amri zilizoacha kufanya kazi bado ni mgeni, hapa usijidanganye, tovuti inaweza kujengwa bila kosa hata moja na kila amri iliyomo ikawa imekufa. Muonekano mzuri unafanya watu waiamini zaidi na ndo hatari yake.

*Kurekebisha.* Kunapanda kidogo. Bado ni PR ila mgeni anatakiwa ajue faili liko wapi, reStructuredText inawatisha wengi, na akitaka kuona matokeo inabidi ainstoli zana za kujengea, yaani ili urekebishe maelekezo ya kuinstoli unatakiwa kwanza uinstoli. Weka kitufe cha "hariri ukurasa huu" juu kabisa, kinasaidia kuliko unavyodhani.

*Matoleo na mifumo.* Hapa haina mpinzani. Kila tagi inapata nakala yake, Read the Docs inakupa `latest` ambayo ni tawi kuu na `stable` ambayo ni toleo la mwisho lililotoka, tabo za Linux, Mac na Windows zinakaa vizuri. Angalizo ni moja tu ila ni zito: nakala za zamani haziondoki, na injini za utafutaji zinazipenda kwa sababu zimelinkiwa miaka mingi, kwa hiyo mtu anatafuta anaangukia toleo la 1.4 wakati uko la 5. Washa lile bango la onyo kwenye matoleo ya zamani na uweke linki ya kanuni (canonical, inayoiambia injini ya utafutaji ukurasa upi ndo rasmi) inayoelekeza kwenye `stable`, na mtumiaji wa kawaida mpeleke `stable`, sio `latest`, jina lile linawadanganya watu kila siku wanadhani latest ndo toleo jipya.

*Inamfaa* mradi wenye watumiaji kwenye matoleo zaidi ya moja, au wenye kurasa nyingi kiasi kwamba kuinstoli ni sura tu ya kwanza. Kwa programu ya amri moja ni kubeba kabati kwa ajili ya shati moja.

4. Maelekezo yanayoendeshwa na CI

Hapa hatua za kuinstoli zinakaa kwenye faili la skripti, au zinachomolewa kutoka kwenye Markdown na kaskripti kadogo, halafu CI, yaani mfumo unaoujaribu mradi wenyewe bila mtu, inaziendesha kwenye mashine tupu kila badiliko linapoingia na pia kwa ratiba, tuseme kila Jumatatu. Ile ya ratiba ndo muhimu kuliko zote, wengi wanaiacha. Kumbuka mifano ya mwanzo, pip, Go, Docker, hakuna hata mmoja uliosababishwa na badiliko la mradi wako, kwa hiyo CI inayoamka pale tu unapogusa msimbo ingelala kwenye yote.

*Kasi ya kuchacha.* Amri zinachacha kwa kasi ileile, CI haizuii dunia kusogea. Ila haziwezi kukaa zimechacha bila kujulikana.

*Nani anajua kwanza.* Wewe. Ndo njia pekee kati ya hizi tano ambayo jibu ni hilo, na ndo maana naipenda, ila ina masharti na hapa nitakaa kidogo kwa sababu watu wengi wanaiweka vibaya halafu wanalala usingizi mzuri bure.

Sharti la kwanza, mashine iwe tupu kweli. `ubuntu-latest` ya GitHub Actions sio tupu, inakuja na Python, Node, Docker, kompaila na mazagazaga mengine chungu nzima, kwa hiyo ukisahau kumwambia mtu ainstoli kompaila, CI inapita kijani na mtu wa kawaida anagonga ukuta. Tumia kontena safi, yaani mfumo mdogo uliotengwa unaoanza upya kila mara, kama `debian:12` au `ubuntu:24.04`.

Ukienda huko unakutana na sharti la pili, kontena safi ni tupu kupita kiasi, haina `sudo`, haina `curl`, orodha ya apt haijavutwa, na ukiinstoli kitu kinachovuta `tzdata` inaweza kusimama inakuuliza uko bara gani, na hakuna mtu wa kujibu. Watu wanatatua kwa kuandika toleo la pili la amri, lile la CI, lenye `DEBIAN_FRONTEND=noninteractive` na bila `sudo`, na hapo umeshapoteza, maana unachojaribu sio tena unachowaambia watu. Tenganisha: hatua ya maandalizi iinstoli `sudo`, itengeneze mtumiaji wa kawaida, ijibu hayo maswali mapema, ndo baada ya hapo maelekezo yaendeshwe kama yalivyoandikwa, herufi kwa herufi.

Sharti la tatu ni la kuchekesha kidogo. Kwenye ripo za umma GitHub inazima kazi za ratiba ripo ikikaa siku 60 bila shughuli. Yaani mradi ukisinzia, mlinzi naye anaenda kulala, na mradi uliosinzia ndo hasa wenye maelekezo yanayooza. Weka kikumbusho cha kuiwasha au utumie huduma nyingine ya kuamsha.

Na kuna vitu ambavyo CI haitakaa ivione. "Hakikisha una toleo jipya la kompaila" ni sentensi, haiendeshwi. Hatua za kubonyeza madirisha kwenye Windows hazijaribiwi kirahisi. Watu wa Rust watasema `cargo test` inajaribu mifano iliyoko kwenye nyaraka na wa Python watataja doctest, sawa, ila hizo zinajaribu msimbo ukiwa umeshainstoliwa, hazisemi kitu kuhusu ile safari ya kufika hapo.

*Kurekebisha.* Gharama ya kuanza ni kubwa kuliko nyingine na kuna gharama ya kuishi nayo, seva ya vifurushi ikiyumba usiku CI inakuwa nyekundu na wewe hujakosea chochote. Ikitokea mara tano unaanza kuipuuza, na CI inayopuuzwa ni README yenye bili. Iruhusu ijaribu tena mara mbili tatu kabla ya kulia. Kwa mgeni lakini ni nzuri, akituma PR ya kurekebisha amri anapata jibu bila kukusubiri wewe.

*Matoleo na mifumo.* Mifumo vizuri sana, unapanga orodha ya distro na Windows na Mac zikimbie sambamba. Matoleo kidogo, kwa kawaida unajaribu la sasa tu, mengine unayaacha na Mungu wao.

*Inamfaa* mradi ambao kuinstoli kwake kuna hatua nyingi na kukivunjika watu wengi wanaumia: seva, hifadhidata, kitu chenye vipande vya C ndani. Pia mradi wowote ambao mtunzaji wake ameshachoka kuulizwa swali lilelile.

5. Kuwaachia wenye distro na mameneja wa vifurushi

Unaandika `apt install`, `dnf install`, `brew install`, `winget install`, na jina. Basi.

*Kasi ya kuchacha.* Ndogo kuliko zote. Mstari kama huo unaweza kuishi miaka kumi. Kinachochacha ni kitu chenyewe, Debian stable inatoka kila baada ya miaka miwili hivi na katikati programu inabaki toleo lilelile ukiacha marekebisho ya usalama na ya makosa makubwa, kwa hiyo utapokea isyu za makosa uliyoyamaliza zamani.

*Nani anajua kwanza.* Mfungashaji, mtu wa tatu ambaye sio wewe wala mtumiaji. Ni mtu anayejua mfumo wake kuliko wewe na anajenga kila toleo lako, akikwama anakuandikia ripoti ambayo inaeleweka. Kama una bahati ya kuwa naye mtunze.

*Kurekebisha.* Hurekebishi, unaomba. Na kuna vitu hata ukiomba havibadiliki, mfano `bat` kwenye Debian inaitwa `batcat` ukishainstoli na `fd` inaitwa `fdfind`, kwa sababu majina yale mafupi yalishachukuliwa na vifurushi vingine, kwa hiyo mtu anafuata maelekezo yako vizuri kabisa halafu anaambiwa amri haipo. Sentensi moja chini ya amri inaokoa watu hapo.

*Matoleo na mifumo.* Mifumo mingi ndiyo, matoleo huna sauti. Beji ya Repology kwenye README inaonyesha distro ipi ina toleo gani na inajisasisha yenyewe, huo ni mstari mmoja unaofanya kazi ya jedwali zima ambalo ungelisahau.

*Inamfaa* programu iliyokomaa, isiyobadilika kila wiki, yenye watumiaji ambao wanataka itumike tu. Ila ujue bado utahitaji maelekezo ya kujenga kutoka kwenye chanzo, angalau kwa ajili ya mfungashaji mwenyewe na wachangiaji wapya, kwa hiyo hii mara nyingi inaambatana na mojawapo ya zile nne.

Kuna wanaochagua njia ya katikati ya kuendesha ripo yao wenyewe ya apt. Inawezekana, ila hiyo ni kazi ya kudumu, waulize waliokuwa wamewaambia watu watumie `apt-key` kuongeza ufunguo wa ripo halafu ikatangazwa kuachwa, ikabidi wakaandike upya yote kwa `/etc/apt/keyrings` na `signed-by`, na yale ya zamani bado yanazunguka huko duniani.

Kwa hali yako

Uko peke yako na mradi unainstoliwa kwa amri moja: README, basi. Usitaje namba ya toleo kwa mkono, na faili la kupakua lipe jina lisilo na namba ili linki ya `/releases/latest/download/` iendelee kuishi. Kama uko PyPI au npm, kila ukirekebisha sehemu ya kuinstoli toa toleo dogo ili na kule kubadilike.

Una watumiaji kwenye matoleo mawili matatu na kila mmoja analalamika kwamba maelekezo hayamhusu: tovuti yenye matoleo. Anza na ukurasa wa kuinstoli tu, mengine yatakuja.

Isyu tano za mwisho zote ni za kuinstoli: CI, na ukishindwa vyote weka ile ya ratiba kwenye kontena moja tu la distro ambayo watu wako wanaitumia zaidi. Kama tayari una Sphinx, skripti ileile inayojaribiwa ivutwe na `literalinclude` itokee kwenye ukurasa, hapo unakuwa na maandishi mamoja na sio mawili yanayogombana.

Programu imetulia na distro zimeshaichukua: zitaje kwanza, za chanzo zishushe chini. Mtu akikuletea PR inayosema "ukipata kosa ongeza `--break-system-packages`", yaani iruke ile kinga ya pip ya mwanzo, mshukuru na umuombe abadilishe iwe pipx, kwa sababu mstari huo ukishaingia utakopiwa hadi kwenye mashine za watu ambao hawajui wanachokivunja.

Jamii ni kubwa na vifaa ni vya kila aina: wiki, ila njia kuu ya kuinstoli isikae huko, iache kwenye ripo, wiki ibebe yale ya pembeni.

Umerithi mradi, maelekezo yako sehemu nne na hayafanani: usiandike kitu kipya kwanza. Fungua kontena safi, jaribu yote manne, yaliyokufa yafute na pale yalipokuwa weka linki kwenda kwa lililobaki. Siku ya kwanza ya mradi niliourithi nilifuta mistari kama mia mbili na sikuongeza hata mmoja, isyu za kuinstoli zikapungua mwezi uleule.

Na kama umechoka, huna muda na hutaki CI wala tovuti, bakiza mfumo mmoja tu unaoutumia mwenyewe, juu yake andika tarehe uliyoujaribu mara ya mwisho na kwenye distro gani. Msomaji akiona ni ya miaka mitatu iliyopita atajua mwenyewe aingie na tahadhari.